Kifafa kimetulia, ila bado tuangalie

Leo nimetoka zamu kichwa kimejaa jambo moja tu, kwamba mgonjwa wa kifafa akishaacha kuanguka wote tunashusha pumzi, ndugu wanaanza kuulizia lini anaruhusiwa, kumbe kwa wengine hapo ndo kazi inaanza. Kuna wale wanaoanguka mara nyingi mfululizo, alafu mtu anazinduka, anakula, anaongea vizuri, anakuita kwa jina, inapita siku moja au mbili hivi, wengine mpaka wiki, mara ghafla hapati usingizi, anasikia sauti, anasema wanataka kumuua au yeye katumwa na Mungu. Watu watasema kapata kichaa, wakati ni kifafa kilekile, na mara nyingi akitibiwa inaisha ndani ya siku kadhaa au wiki chache.

Ndo maana mimi usingizi nauandika kwenye faili pamoja na presha. Mtu kaanguka sana juzi alafu usiku huu hajalala kabisa, daktari aambiwe hapohapo, hata kama mgonjwa mwenyewe anacheka na kusema yuko poa.

Na jamani, anapozinduka msimkamate kwa nguvu. Hajui yuko wapi, ukimbana anapigana kama mtu anayezama, alafu sisi tunamwandika mkorofi, inaniuma sana hii. Abaki naye mtu mmoja, sauti ya chini, vya kumuumiza viondolewe, basi.

Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ndo inawapata wengi zaidi na haina kelele, ndo maana inatupita. Hatari ya kujiua kwa wenye kifafa ni kubwa kuliko kwa watu wengine, kwahiyo nauliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, kumuuliza hakumpandikizii wazo. Naangalia na dawa za kifafa pia, mfano levetirasetamu, mtu mpole anaweza akawa na hasira mpaka nyumbani wanamwogopa, ila asiiache ghafla maana anaweza kuanguka mfululizo, aseme ibadilishwe taratibu.

Kabla hawajaondoka namwita ndugu anayeishi naye, namwambia asihesabu kuanguka tu, aangalie anavyolala, anavyoongea, kama ameanza kushuku watu au kujitenga, na akiona hivyo amrudishe siku hiyohiyo asisubiri tarehe ya kliniki.