Simbu alipovuka mstari Tokyo, nilikuwa nimeshika waya

Kila ninayeongea naye kutoka nyumbani huniuliza swali lile lile: "Si ulikuwa uwanjani? Ulimwona Simbu akishinda?" Uwanjani nilikuwepo siku Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa Tanzania, aliposhinda marathoni ya Mashindano ya Dunia. Kumwona, sikumwona. Nilikuwa mita chache tu kutoka mstari wa kumalizia, nimepiga magoti chini ya benchi la wapiga picha, nimebana kichwa cha waya wa mtandao kwa vidole. Acha nieleze ilivyokuwa, maana kazi hii wengi hawaijui, hata wale ambao kila asubuhi hufungua simu na kukuta picha za jana zimeshafika.

Huu ni mwaka wangu wa saba Japani. Nilikuja kusomea mitandao ya kompyuta, nikapata ajira katika kampuni ndogo inayofunga mawasiliano kwenye matamasha, mikutano na michezo. Mashindano ya Dunia ya Riadha yalipokuja Tokyo, tarehe 13 hadi 21 Septemba 2025, tulipewa sehemu ya huduma za wanahabari kwenye Uwanja wa Taifa: meza za waandishi kule juu jukwaani, chumba cha wapiga picha chini, vituo vyao kando ya njia za wakimbiaji, na ule ukanda anaopita mwanariadha akitoka mbioni ili wamhoji.

Watu hudhani Wi-Fi inamaliza kila kitu. Uwanja ule ukijaa unabeba watu zaidi ya elfu sitini, kila mmoja na simu yake, na wote wanarusha video dakika ile ile ya fainali. Hewa inaziba. Kwa hiyo mpiga picha aliye kwenye mstari wa kumalizia huchomeka kamera yake moja kwa moja kwenye waya. Picha inaingia kwenye kisanduku kilicho miguuni pake, inakwenda kwenye swichi ya mtandao iliyofichwa chini ya viti, inashika nyaya za kioo (fiber) hadi nje ya uwanja, na mhariri ambaye huenda yuko bara jingine anaipokea mwanariadha akiwa bado anahema. Waya ukifa sekunde thelathini, ametanguliwa na wenzake wote. Ndiyo maana alfajiri, kabla hawajaja, tulipita kila tundu na kulipima.

Tena tulipima kwa mdomo na kidole. Huku fundi hunyoosha kidole kwenye kifaa na kusema kwa sauti kwamba kiko sawa, kama wafanyavyo madereva wa treni zao. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kuongea na ukuta. Siku moja nilipita tundu moja kimyakimya, na ndilo hilo lililokuwa bovu. Tangu hapo nanyoosha kidole. Wiki zangu mbili za kwanza kazini sikugusa kompyuta yoyote: nilifundishwa kukunja waya tu. Mkunjo wa nane, duara moja kwa nje, linalofuata kwa ndani, ili siku ukiurusha utambae bila fundo wala kupinda nyuzi zake. Kisha nikafundishwa kubandika tepu sakafuni, ili mtu asijikwae na sakafu ya wenyewe isichubuke.

Jambo moja nililipenda toka siku ya kwanza. Kazi ikiisha, kila mmoja humwambia mwenzake "otsukaresama". Nimesikia watu wakihangaika kulieleza neno hilo kwa Kiingereza. Sisi tunalo tayari: pole na kazi. Lilivyo ndivyo linavyotumika, hata kwa mtu ambaye hukufanya naye kazi yenyewe.

Kwenye meza yetu ya msaada nilikuwa na boksi la adapta, kwa sababu plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi za Japani, zenye matundu mawili membamba. Na umeme wao ni volti 100. Chaja ya kompyuta haina shida nao, ila waandishi wengi huwa na wasiwasi, wanataka mtu awahakikishie. Mwandishi mmoja kutoka Kenya alikuja kuuliza kwa Kiingereza, nikamjibu, "Karibu ndugu yangu, lete hiyo plagi." Alinishika mkono akakataa kuuachia. Tarehe 14 Mkenya mwenzake Peres Jepchirchir alipomshinda Tigst Assefa wa Ethiopia kwa sekunde mbili kwenye marathoni ya wanawake, mwandishi yule alishuka ngazi mbio hadi mezani kwetu, akaniambia, "Kesho ni zamu yenu, Mtanzania." Nilimshukuru. Moyoni niliichukua kama dua tu.

Msimamizi wangu ni mzee wa Kijapani aliyebakiza muda mfupi astaafu. Siku nilipoajiriwa aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, naye akaitikia hapo hapo: "Ikangaa!" Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni wa zamani. Sikutegemea kumsikia huku. Akanisimulia marathoni ya Fukuoka ya mwaka 1983, alivyokaa mbele ya televisheni akiwa kijana, Ikangaa akiongoza na Mjapani Toshihiko Seko akimfuata nyuma kama kivuli mpaka ndani ya uwanja, kisha Seko akachomoka mwishoni na kushinda kwa sekunde tatu. "Nilimshangilia Seko," aliniambia, "ila niliyemwonea huruma ni yule aliyefanya kazi yote mbele." Ikangaa alirudi akashinda Tokyo mwaka 1984 na tena 1986, na Fukuoka yenyewe mwaka huo huo wa 1986. Wajapani wa rika lake wanaopenda marathoni hawajamsahau. Natamani watoto wetu wamjue hivyo.

Jumatatu ya tarehe 15 ilikuwa sikukuu yao ya kuwaheshimu wazee. Marathoni ya wanaume ilianza saa moja na nusu asubuhi, ikiwa imewahishwa nusu saa kwa ajili ya joto, na mwanzo ukarudiwa kwa sababu mmoja alichomoka kabla ya wakati. Niliiona kwa vipande, kwenye skrini za watu. Kilomita za mwisho nikamwona Simbu yumo kundi la mbele. Nikasema, Mungu wangu, shaba yake ya London 2017 inaweza kurudi.

Hapo redio ya kiunoni ikaita: kituo cha wapiga picha, mstari wa kumalizia, laini moja imekufa.

Nilikimbia. Kisanduku kilikuwa kimekanyagwa na tundu lake limelegea. Waya mpya niliuingiza, ukashika, nilipouachia ukachomoka. Kubadilisha kisanduku kizima kunataka dakika kumi, na wakimbiaji walikuwa tayari wanaingia langoni. Basi nikaingia chini ya benchi, nikausukuma ndani, nikaushikilia. Taa ya kijani ikawaka. Nikamgonga mpiga picha mguuni kumwambia apige tu.

Nilichokiona ni viatu vyake na ile taa. Nilichokisikia ni sauti ya uwanja ikipanda, kamera zikilia kama mvua juu ya bati, halafu sauti ile ikabaki inaning'inia, haishuki. Waliingia watatu: Amanal Petros wa Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia na Simbu wetu. Petros alikuwa mbele hadi hatua za mwisho kabisa, akajirusha kwenye mstari na kuanguka. Simbu mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipoliona jina lake kwenye skrini. Yeye na Petros wote wawili saa 2:09:48. Picha ya mwisho iliwatenganisha kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Mimi nililijua kwa mtangazaji. Kijapani hakibadilishi jina la nchi yetu, lilitoka vile vile: Tanzania. Nilitetemeka, lakini vidole sikuvitoa, kwa sababu picha zilikuwa zinapita, na taa ile ilikuwa inapepesa haraka kuliko nilivyowahi kuiona. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow 1980, Christopher Isegwe akaleta fedha ya Mashindano ya Dunia ya Helsinki 2005. Dhahabu ya dunia hatukuwahi kuishika. Na saa hiyo nyumbani ilikuwa kama saa tisa na dakika arobaini usiku, nchi imelala.

Msimamizi alinikuta bado nimechuchumaa. Akainama, akaushika waya yeye, akaniambia nitoke nikaangalie. Niliinuka. Simbu alikuwa bado yupo uwanjani, bendera mabegani. Niliporudi, mzee alikuwa bado ameushika, jasho linamtiririka, akasema maneno mawili tu: "Sekunde tatu." Nikamwelewa.

Saa tano nilimpigia baba, maana kwetu ni saa kumi na moja, na hiyo ndiyo saa yake ya kuamkia sala ya alfajiri. Baba alikuwa fundi wa laini za simu, amepanda nguzo Morogoro na Kilosa maisha yake yote. Hakuwa amesikia. Nilipomwambia, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza alishinda kwa tofauti gani. Nikamwambia haikufika hata sekunde, baba.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya benchi, nimeshika waya wa mpiga picha."

"Laini haikukatika?"

"Haikukatika, baba."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikamsikia akimwamsha mama.