Baldur's Gate 3 na Adui Aliyekosekana

Tangu mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 ulipotoka mwezi Agosti 2023, sisi wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika hapa Lamu tumekuwa tukijadiliana barazani kama kweli mchezo huo unastahili jina uliorithi. Jina hilo lilijengwa na BioWare ya Kanada kwa michezo miwili, wa kwanza wa mwaka 1998 na wa pili wa mwaka 2000, ilhali huu wa tatu umetengenezwa na watu wengine kabisa, Larian Studios ya Ubelgiji. Maoni yangu ni kwamba unalistahili, na katika mambo kadhaa umewapita wakubwa zake, ila kuna jambo moja ambalo haujalifikia, nalo ni adui. (Asiyeumaliza asisome zaidi, kwa maana nitazitaja siri za hadithi.)

Nianze na pale ulipopita. Mchezo huu unakumbuka ulichokitenda kwa namna ambayo ile ya zamani haikuweza. Ukiikuta nyumba ya wageni inateketea, nawe ukaamua kwenda kulala kambini kwanza, ukirudi utakuta waliokuwa ndani wameshakufa. Kuna uganga wa kuzungumza na maiti, na maiti ya mtu uliyemuua kwa mkono wako hukataa kukujibu. Lakini ukijigeuza sura kwanza, isikutambue, itakueleza kila unachouliza. Nilipoligundua hilo nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu mtu fulani alikaa akafikiria mpaka kufikia hapo, akijua kwamba wachezaji wengi hawatapata kuliona kamwe.

Kuhusu mapigano sina maneno mengi. Zamani uliongoza watu sita, vita vikaenda mfululizo, ukavisimamisha kila ulipotaka kutoa amri; sasa unaongoza wanne, kila mmoja kwa zamu yake, na dadu ya nyuso 20 inarushwa mbele ya macho yako. Wapo wanaousikitikia utaratibu wa zamani. Mimi naona huu wa zamu unampa mtu nafasi ya kufikiri.

Sasa tuje kwa adui. Katika Baldur's Gate II unaanza ukiwa umefungiwa ndani ya kizimba, na anayekutesa ni mchawi Jon Irenicus, mwenye sauti ya marehemu David Warner, sauti tulivu isiyopanda hata anapozungumzia mateso. Tangu hapo hakuachi. Anakujia ndotoni, Imoen, msichana uliyelelewa naye, anakamatwa pamoja na mchawi huyo, na hatimaye anakunyang'anya roho yako mwenyewe, kwa hiyo unapomfuata hufuati amri ya mtu wala ujira, unafuata kilicho chako. Nawe unajua kwa nini amekuwa hivyo: alitaka kujifanya mungu, akavuliwa asili yake ya elfu, wale viumbe wa hadithi waishio miaka mingi, na kufukuzwa na malkia aliyempenda, na sasa hata kumbukumbu ya mapenzi hayo imemtoka.

Tena hakuja peke yake. Yoshimo, mwizi mcheshi unayemkuta katika shimo lile lile la mateso, anatembea nawe na kupigana ubavuni mwako, kisha mnapofika Spellhold, gereza la wachawi, inabainika kwamba muda wote alikuwa amefungwa kwa kiapo cha kichawi amtumikie Irenicus. Sisi wa pwani hii tumekua na kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyewashinda wote waliomwendea kwa silaha, hadi mfalme wa Pate alipomtumia mwanawe wa kumzaa, aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Uchungu wa Yoshimo ni wa aina hiyo hiyo. Ukimuua huoni umeshinda. Unauchukua moyo wake ukautafutie hekalu la Ilmater, mungu wa wanaoteseka, apate kupumzika.

Baldur's Gate 3 umeugawa uadui. Wapo maadui watatu, Ketheric Thorm, Gortash na Orin, na nyuma yao lipo bongo kuu linalotawala akili za watu, kiasi kwamba hakuna hata mmoja anayepata muda wa kukuingia moyoni. Orin na Gortash wanachukua nafasi yao hadithi ikiwa imeshakwenda mbali, nalo lile bongo halina cha kumfanya mtu alichukie, kwa sababu halina jeraha. Nguvu yote imepelekwa kwa wenzako wa safari, na huko imezaa matunda: Astarion, mmoja wao, akisimama mbele ya bwana mnyonya damu aliyemfanya mtumwa, huku akikuuliza kwa macho kama atoe kafara maelfu ya roho ili awe na uwezo kama wake, hapo nilihisi uzito ule ule nilioupata Spellhold. Lakini yule bwana ni adui wa Astarion, si wangu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba adui wa kiwango cha Irenicus walikuwa naye mkononi. Ketheric alimzika binti yake, akamwacha mungu mmoja kwa mwingine hadi akampata wa kumfufulia mwanawe, na binti huyo huyo, Isobel, sasa anatumia nuru ya mwezi kuwakinga watu na giza alilolileta baba yake. Hicho ni kisa kizima cha baba na mwana, kingeweza kubeba mchezo wote. Angeonekana tangu ndani ya meli ile mchezo unapoanzia, akatufuata hadi mjini. Badala yake tunamfahamu katika sehemu ya pili, na sehemu hiyo haijaisha tumeshamuua.