Siku moja maishani mwangu: mita moja iliyokosekana kwenye mchoro

Mimi ni afisa mipango katika halmashauri, na kazi yangu kubwa ni kukagua michoro ya watu wanaotaka kugawa ardhi yao kuwa viwanja au kubadilisha matumizi yake, kabla michoro hiyo haijafika mbele ya kamati. Wapo wanaodhani kwamba kazi hii ni ya kugonga mihuri, na wapo wanaodhani ni ya kuwachelewesha wenye mali. Siku ninayoisimulia hapa ilitawaliwa na jalada moja kuliko nilivyotarajia, na jalada lenyewe nilikaribia kulipitisha bila kuona kilichokuwamo.

Saa moja na nusu asubuhi ofisi huwa bado kimya, nami huipenda saa hiyo kwa kusoma michoro kwa kuwa kuanzia saa tatu simu hazinyamazi. Masijala walikuwa wameniwekea mezani majalada manne. La kwanza halikuwa na nakala ya hatimiliki. La pili lilitiwa saini na mrithi mmoja ilhali ardhi ilikuwa ya warithi watatu. La tatu lilikuwa ombi la kuunganisha viwanja viwili, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Ombi lisilokamilika silikagui hata nikiwa na nafasi, maana ukishaanza kumshauri mtu juu ya barabara zake kabla hujajua kama ardhi ni yake, unakuwa umempa matumaini ambayo huna mamlaka ya kuyatoa. Yale mawili ya mwanzo niliyaandikia barua za kurejeshwa na kutaja waziwazi kinachopungua, kwa sababu barua inayosema tu "kamilisha nyaraka zako" humrudisha mwombaji dirishani mara tatu na kumfanya aamini kwamba tunamzungusha.

Jalada la nne lilikuwa la hekta tatu: karibu mstatili kamili wa mita 200 kwa mita 150, unaokusudiwa kugawanywa kuwa viwanja 44 vya makazi, wenye barabara kuu ya ndani ya mita 12 inayoelekea mashariki na njia ndogo mbili zinazochepuka kutoka humo. Mchoro ulikuwa kwenye skeli ya 1:1000, mistari yake safi, viwanja vimepangwa migongo kwa migongo, pembe za njia panda zimekatwa ili dereva aone anayekuja. Mpima aliyeuchora anaijua kazi yake, na niliona hivyo tangu nilipoukunjua.

Mimi huanza na jedwali la maeneo lililo pembeni mwa mchoro, na huyajumlisha mwenyewe kwa kikokotoo hata pale ambapo jumla imeshaandikwa. Viwanja vilikuwa na jumla ya mita za mraba 21,480, barabara 6,570, na maeneo ya wazi 1,800, ambazo kwa pamoja ni 29,850. Hatimiliki ilisema 30,000. Pungufu ya 150, yaani nusu asilimia, si jambo la kumfanya mtu ainuke kitini, kwa sababu hati nyingi za zamani zilitokana na vipimo vya minyororo na teodolaiti (kifaa cha kupimia pembe), na leo mpima akipita mipaka ileile kwa vipokezi vya setilaiti, namba hazilingani kikamilifu. Nilikuwa nimekwisha kuandika "tofauti inavumilika" kwa penseli kabla sijajiuliza kwa nini kosa la upimaji litoe namba nzima kiasi kile, na kwa nini namba hiyo ilingane na urefu wa upande wa mashariki. Mita za mraba 150, kwenye upande wenye urefu wa mita 150, ni ukanda wa mita moja.

Niliweka rula ya skeli juu ya mwisho wa barabara. Kwenye 1:1000 mita moja ni milimita moja, ambayo ni kama unene wa ncha ya penseli iliyochakaa, na kwa macho matupu mstari wa mwisho wa viwanja na mstari wa mpaka vilionekana kuwa mstari mmoja ulionenepa kidogo. Chini ya lenzi vilikuwa viwili. Barabara iliyoonekana kufika mpakani ilikuwa imeishia mita moja kabla, na ukanda huo haukupewa namba, wala rangi, wala nafasi katika jedwali. Kwa hiyo viwanja vikishauzwa na barabara zikishakabidhiwa kwa halmashauri, ukanda ungebaki kimyakimya katika hati ya awali, mikononi mwa mwenye eneo.

Asiyeshughulika na mambo haya ataona kwamba ninakuza jambo dogo. Upande wa mashariki pana mashamba ambayo siku moja nayo yatagawanywa, na barabara hii ndiyo ingeendelea hadi huko. Atakayetaka kuiunganisha atakuta kipande chembamba kisichofaa kujengwa hata banda la kuku, lakini ambacho hawezi kukivuka bila kukinunua kwa bei atakayotajiwa. Nchini Uingereza jambo hili lilifika mbele ya baraza la ardhi katika shauri la Stokes dhidi ya Halmashauri ya Cambridge la mwaka 1961, ambapo thamani ya njia pekee ya kuingilia eneo ilihesabiwa kuwa theluthi moja ya ongezeko la thamani ambalo maendelezo yangelileta, na hadi leo wathamini wa huko huanzia hapo wanapopatana. Ukanda wenyewe si dhambi. Mkoani Ontario, Kanada, kuna utaratibu wa kawaida wa kutenga ukanda wa sentimita 30 mwishoni au kandokando mwa barabara, lakini huko hukabidhiwa kwa serikali ya mtaa ili yenyewe iamue ni lini na wapi njia ifunguliwe. Kwa hiyo kabla ya kuukataa ukanda, mimi huuliza kwanza atakayeushika ni nani.

Saa tatu na nusu nilipeleka mchoro kwa mwenzangu mhandisi, ambaye hakuvutiwa sana na ukanda wangu kwa kuwa alikuwa na lake la maji. Yeye hutumia kanuni ambayo mhandisi Emil Kuichling wa Rochester, Marekani, aliichapisha mwaka 1889 na ambayo bado inatosha kwa maeneo madogo: unazidisha kigawo cha utiririkaji, yaani sehemu ya mvua inayotiririka bila kufyonzwa na ardhi, kwa ukali wa mvua na kwa ukubwa wa eneo. Kwa hekta tatu na mvua ya milimita 90 kwa saa, ardhi yenye nyasi, ambayo kigawo chake ni kama 0.3, hutoa lita 225 kwa sekunde. Ikishafunikwa kwa mapaa, lami na sakafu za nje, kigawo hupanda hadi 0.6 na maji huwa lita 450. Maji hayo ya ziada hayana pa kwenda ila kwa aliye chini. Kisha alinionyesha kwa kidole jambo ambalo mimi sikuliona: mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, katikati ya mchoro ilikuwa imejikunja kama herufi V, ncha ikielekea juu ya mteremko, mmoja baada ya mwingine, kwa mstari unaopita viwanja namba 17, 18 na 19. Kontua zikijikunja hivyo, hapo pana mkondo, awe mchoraji ameuchora au hakuuchora.

Basi saa nne na robo tulikwenda kuangalia, sisi wawili pamoja na mpima wa mwenye eneo. Kwenda eneo la mradi ni sehemu ya ukaguzi ambayo huachwa kwanza kazi zinapozidi, na kwa maoni yangu ingekuwa ya mwisho kuachwa. Hapakuwa na tone la maji. Palikuwa na bonde pana lisilozidi kina cha goti, lenye nyasi, ambalo mtu angelivuka akiongea bila kulitambua. Lakini sakafuni kokoto zilikuwa zimejitenga kwa ukubwa, nzito upande wa juu na changarawe upande wa chini, na kwenye uzio wa waya wa jirani palikuwa na vitita vya nyasi kavu na vijiti vilivyojisokota kwenye waya wa pili kutoka chini, vyote vikielekea upande mmoja. Nyasi hazipandi zenyewe hadi kwenye waya. Mzee mwenye shamba hilo alitukuta tumeinama tukivitazama.

"Shikamoo, mzee," mpima alimwamkia.

"Marahaba. Mnatafuta maji?" Alitabasamu kidogo. "Njooni wakati wa masika. Hapa hupita usiku mmoja, asubuhi hayapo. Kalvati lile la chini hushiba siku hiyo hiyo."

Mpima hakubishana. Alisema kwamba kipimo kilifanyika wakati wa kiangazi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akapiga picha za waya kwa simu yake. Nilimheshimu kwa hilo. Wapo ambao wangeanza kunieleza kwamba nyasi zilipeperushwa na upepo.

Kuanzia saa sita hadi saa nane nilihudumia dirisha, na sina la kusimulia humo isipokuwa kwamba watu kumi na wawili walitaka kujua barua zao zimefikia wapi, na tisa kati yao barua zilikuwa kwao wenyewe zikisubiri kujibiwa.

Saa nane na nusu mwenye eneo alifika na mpima wake. Nilianza na maji, kwa kuwa ni jambo lisilo na lawama ya mtu. Nilipomweleza kwamba mkondo lazima uachiwe hifadhi yake na kwamba viwanja vitatu vile vitabaki kimoja kilichopangwa upya, uso wake ulibadilika. Viwanja viwili ni fedha ambayo alikwisha kuihesabu, na sikumlaumu. Kisha niliweka lenzi juu ya mwisho wa barabara na kumgeuzia mchoro.

Alitazama kwa muda. "Afisa, barabara hii naijenga kwa fedha zangu, na mtaro, na nguzo za umeme. Huyo wa pili akija ataunganisha bure tu? Haki iko wapi hapo?"

Hoja yake ina uzito, nami huichukia tabia ya kujibu hoja nzito kwa kusoma kifungu. Nilimwambia kwamba gharama ya barabara inaweza kugawanwa kwa uwazi, kwa makubaliano yanayowekwa katika masharti ya kibali, ambayo yatamtaka atakayeunganisha kuchangia sehemu yake ya gharama halisi kwa muda uliotajwa, na kwamba hilo ninaweza kulipendekeza kwa kamati. Nisichoweza kupendekeza ni barabara ya umma yenye kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja, tena kufuli lisiloandikwa kwenye jedwali. Wanunuzi wa viwanja hivi hawakuwamo chumbani, wala yule mwenye shamba la mashariki, ambaye labda hata hajui kwamba kuna mchoro. Mwenye eneo alimgeukia mpima wake, mpima akatazama dirishani, na hapo nikaelewa kwamba ukanda haukuwa wazo la mchoraji.

Barua za pingamizi zilizofika wakati wa tangazo la umma zilikuwa sita, nami nilizisoma saa tisa na nusu kabla ya kuandika taarifa. Tatu zilihusu mandhari yatakayopotea na aina ya watu watakaohamia, ambayo si mambo ninayoruhusiwa kuyapima. Mbili zilikuwa nakala ya barua moja. Ya sita, ya ukurasa mmoja kwa mwandiko wa mkono, ilieleza kalvati linavyojaa na mahali maji yanapopitia, na ilikuwa imekaa jaladani wiki mbili na kusema lile tulilolitafuta asubuhi nzima kwa miguu. Niliigonga muhuri wa "imezingatiwa" nikiwa na aibu kidogo, kwa kuwa nilistahili kuisoma kabla ya kuukunjua mchoro.

Taarifa yangu kwa kamati ilipendekeza mchoro ukubaliwe kwa masharti. Sharti juu ya mkondo lilinichukua mistari sita, pamoja na bwawa la kupunguzia kasi ya maji ili kinachotoka kisizidi lita 225 zile za awali. Sharti juu ya barabara niliandika na kufuta mara nne. "Barabara iendelezwe hadi mpakani" halikutosha, kwa sababu mpaka wa nini? Mwishowe niliandika kwamba hifadhi ya barabara ya mita 12 ifike hadi kwenye mstari unaounganisha bikoni (alama za mpaka) mbili za mashariki zilizomo katika hatimiliki, nikazitaja kwa namba zake, na kwamba pasibaki kipande chochote cha ardhi kisichokuwa kiwanja, barabara au eneo la wazi.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi mpima alinipigia simu. Alikuwa ameshaanza kurekebisha, na alitaka kujua ukanda ukishafutwa mita zake za mraba 150 aziandike wapi: 12 zinaingia kwenye barabara, lakini 138 zinazobaki azigawe kwa viwanja vya upande wa mashariki au aziongeze kwenye eneo la wazi. Nilimwambia kwamba hilo ni la mteja wake kuamua. Nilimwomba tu alete jedwali jipya pamoja na mchoro, asiandike jumla, nami nitajumlisha mwenyewe.