Upande wa Pili

Jumapili usiku, Agosti

Nimerudi kutoka mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, kwa baba mkubwa, na ubishi nilioanza huko na mdogo wangu, mwanawe, bado unaendelea kichwani. Yeye hajui kwa nini mzee anaendelea kutunza kreti la santuri wakati nyimbo zilezile zimo kwenye simu, tena bure. Mdogo wangu si mjinga. Swali lake ni la haki.

Nianze kwa kumkubalia. Wanaosema santuri ina sauti nzuri kuliko simu mimi siwaungi mkono, hasa hapa Dodoma. Msimu huu upepo unatimua vumbi jekundu tangu asubuhi, na hewa ni kavu kiasi kwamba ukichomoa santuri kwenye bahasha yake vinyweleo vya mkono vinasimama. Huo ni umeme tuli, na huohuo unavuta vumbi, sindano ikipita inachakarika kama karanga kikaangoni. Baba mkubwa ana kitambaa laini cha pamba anachokilowesha kidogo, anafuta kwa kuzungusha, akifuata mifereji, wala hakati katikati. Ole wako uiache dirishani juani: itapinda, na ikishapinda basi tena.

Kwa hiyo si sauti. Kinachonivuta ni ule mkato.

Santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika zilizotoka Marekani mwaka 1949, upande mmoja unabeba dakika nne hivi, tano ukibana. Bendi zetu hazikuwa za dakika nne. Ukumbini wimbo ulikwenda mpaka wachezaji watake wenyewe kukaa. Basi studio walifanya nini? Waliukata. Upande wa kwanza mashairi: mwimbaji anamlalamikia mpenzi, au anawaasa vijana. Sauti inafifia. Unanyanyuka, unageuza, unarudisha sindano, na upande wa pili magitaa yamekwishachangamka, tarumbeta zinajibizana, maneno hayana kazi tena. Wengi walikuwa wakiusubiri huo. Baba mkubwa anasema mwenye kinanda cha santuri alikuwa na madaraka makubwa mtaani, kwa sababu yeye ndiye aliyegeuza, na akichelewa makusudi watu walimpigia kelele. Na mawe ya redio yakianza kuisha, santuri ikivuta maneno kilevi, yalianikwa juani yapate nguvu kidogo, sherehe iendelee.

Kitu kingine, ambacho simu haionyeshi kabisa: kibandiko cha katikati. Nimekaa leo nikivisoma kimoja kimoja. Bendi ya Morogoro, bendi ya Tabora, bendi ya Dar es Salaam, na chini yake maandishi madogo kwamba santuri imetengenezwa Kenya. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Muziki mwingi ulirekodiwa Radio Tanzania kwa mikanda, na ili uwe santuri ulilazimika kuvuka mpaka kwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Mwaka huohuo wa 1977 Patrick Balisidya, mwana wa huku kwetu Dodoma, alikuwa Lagos na bendi yake ya Afro 70 akiiwakilisha nchi kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi. Nikifikiria hilo naona ajabu: bendi inafika Nigeria, santuri haivuki mpaka pale Namanga. Baadaye kaseti zikaja, na kila mtu akawa anajirekodia mwenyewe redioni.

Huko Marekani nako zimerudi. Mwaka 2022 ziliuzwa santuri nyingi kuliko sidii, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Nadhani wao wana sababu zao, na nyingine ni za kupamba sebule tu. Santuri mpya ni ghali mno kwa mshahara wangu, na sina mpango nayo.

Sasa ubishi wenyewe. Mdogo wangu, baada ya kushindwa kumshawishi mzee agawe kreti, amekuja na hoja ya pili: tuzihamishie zote kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Hapo tumeelewana. Tatizo ni kwamba anataka kuziunga pande mbili, aondoe kufifia, wimbo uende moja kwa moja kama bendi ilivyokusudia. Nikamwekea simuni wimbo mmoja wa zamani anaoupenda. Dakika ya nne, sauti ikafifia, ukimya kidogo, kisha magitaa yakaingia kwa nguvu. Kumbe aliyeupandisha mtandaoni naye aliutoa kwenye santuri, akauacha ulivyo. Mdogo wangu ameusikiliza wimbo ule miaka yote akidhani ni mbwembwe za wapigaji.

Baba mkubwa alikuwa anatusikiliza huku anakunywa chai. Tulipomuuliza yeye anaonaje, akasema, "Mkiunga, wanangu, huyo dada uliyecheza naye utamuuliza jina saa ngapi?"

Mama mkubwa akatoka jikoni kuuliza ni dada gani huyo.

Tumekubaliana kuanza Jumamosi. Kwanza itafutwe sindano mpya. Iliyopo inaruka, na fundi wa Majengo amesema aina hiyo labda ipatikane Kariakoo.