Ulikuwa Unamngoja Nani?

"Mwanangu, wewe ulikuwa unamngoja nani?"

Basi, hivyo tu. Mwalimu hakufoka wala hakucheka. Alisema huku anafuta kengele kwa ncha ya mtandio, na mimi nimetolewa kwenye mbio za baiskeli, nimeinamia usukani natafuta pumzi, vumbi la uwanja limenijaa mpaka kwenye meno. Nikamjibu, "Simngoji mtu, Mwalimu." Akaniangalia kidogo. "Haya," akasema, akageuka kuwatazama waliobaki.

Ilikuwa Jumapili. Leo Ijumaa usiku. Hapo katikati dada amejifungua salama, wa kiume, sauti yote kaichukua upande wa baba yake; bosi wetu kahamishiwa Dodoma na hatujui nani atasaini nyaraka za mizigo; umeme umekatika, ukarudi, ukakatika. Mimi nikiweka kichwa kwenye mto sisikii hata moja katika hayo. Nasikia: ulikuwa unamngoja nani.

Baiskeli yenyewe aliituma binamu kutoka Ghent, Ubelgiji, ikakaa barazani mpaka Mama akaanza kuianikia kanga. Nilipoipeleka kwa Babu Fundi kule Ngamiani, anayeniziba pancha tangu nasoma shule ya msingi, aliipindua magurudumu juu, akazungusha pedeli, gurudumu la nyuma likaenda. Akaishika pedeli, gurudumu likasimama palepale. Akatafuta friwili, ile inayoacha gurudumu lizunguke hata pedeli zikisimama, hakuna. Akatafuta breki, mbele hakuna, nyuma hakuna. Akanitazama kwa huruma.

"Hii imekuja nusu," akasema. "Mwambie aangalie vizuri, nusu nyingine imebaki kwenye kontena."

Haikubaki kitu. Ndivyo zilivyo baiskeli za mbio za uwanjani: gia moja, pedeli na gurudumu la nyuma vimefungamana, na breki ni miguu yako mwenyewe. Sasa sisi watu wa Tanga baiskeli tumezaliwa nayo. Mwanamke na baibui lake anakanyaga kwenda sokoni, kapu nyuma, mtoto mbele, na hakuna anayegeuza shingo. Kwa hiyo nilijiona kazi naijua. Siku ya kwanza nilipopata mwendo nikaacha kukanyaga nijipumzishe, kama ninavyofanya kila jioni nikitoka kazini. Miguu ilisimama, pedeli hazikusimama. Zilininyanyua kwenye siti, nikapiga kelele ambayo vijana wa kikundi chetu cha mbio wanaiigiza mpaka leo. Ukitaka kupunguza mwendo lazima uzikaze pedeli taratibu kama mtu anayetaka kuzirudisha nyuma. Ukitaka kusimama unaanza kupanga mapema, na ukimuona mtu unayemfahamu pembeni unampungia ukiwa njiani kumuacha.

Wengi kwenye kikundi chetu hawana binamu Ghent. Wamepeleka friwili za baiskeli zao zikachomelewa zisizunguke, breki wakafungua, wakaziita za mashindano. Na nani kachomelea? Babu Fundi huyohuyo wa nusu iliyobaki kwenye kontena. Sasa anazitengeneza kwa oda, na mteja akishangaa anamwambia, "Ulaya ndiyo wanazopanda."

Uwanja maalumu hatuna. Cairo wanao, na mwaka 2021 mashindano ya dunia ya vijana yalifanyika huko. Sisi tuna uwanja wa mpira wa shule, njia ya kukimbilia ya mita 400 na mfuko wa chokaa. Binamu alinitumia sauti ndefu kunieleza viwanja vya Olimpiki: mbao tupu, mzunguko mita 250, kona zinainuka zaidi ya nyuzi 40, ukizembea mwendo huko juu tairi linateleza na wewe unateremka na ubavu. Hapo kwao Ghent upo mmoja unaitwa Kuipke, mdogo zaidi, mita 166 na kidogo tu, na kila Novemba watu wanauzunguka kwa usiku sita huku watazamaji wamesimama katikati wanakunywa bia. Nikamuuliza hao watazamaji hawapati kizunguzungu? Hilo hakunijibu.

Basi Jumapili. Mbio zangu zilikuwa zile tunazoziita "wa mwisho nje". Zipo mpaka Olimpiki, ndani ya yale mashindano ya mbio nne kwa siku moja. Kwenye uwanja wa mita 250 hutolewa mtu kila mizunguko miwili. Kwenye njia ndefu kama yetu ni kila mzunguko. Mnapita kwenye mstari, wa mwisho anaitwa, anatoka. Na kinachotazamwa ni gurudumu la nyuma. Unaweza kulichomeka la mbele ukadhani umepona, kumbe mkia wako ndio uliobaki.

Nilipangwa na wasichana wa sekondari, ambao wengine mama zao nilisoma nao. Raundi za mwanzo nilikuwa sawa. Nilijificha nyuma ya mabega ya wenzangu, upepo wa baharini wanaupokea wao, miguu yangu inacheka. Ukiwa mbele upepo unakula nguvu zako zote, hilo nimelijua haraka kuliko yote. Kisha tukaingia kona ya upande wa magoli. Binti mmoja wa Pongwe akaja ubavuni kwangu kulia, mwingine yuko mbele, kushoto mstari wa chokaa na baada ya chokaa kuna majani na mawe. Nikawa ndani ya boksi. Kulala zaidi kushoto siwezi, kwa sababu pedeli haisimami na kona yetu ni bapa, ukilala sana inagonga chini. Nikasubiri nafasi ifunguke. Haikufunguka. Wa nje wakatupita wote, aliye mbele yangu akachomoka, binti wa Pongwe akamfuata, na mstari ukafika. Nikaitwa. Nilikuwa na nguvu ya mizunguko mingine kadhaa, nayo ikaniwasha miguuni bila kazi.

Ndipo likaja lile swali.

Na hapa ndipo sikubaliani na Mwalimu, kwa heshima zote. Kwenye kona zilizoinuka ukizibwa chini unapanda juu, halafu mteremko unakurudishia mwendo ulioutumia kupanda. Uwanja bapa hauna cha kukurudishia. Ukirudi nyuma upite nje, unaongeza njia na unakula upepo. Mwalimu wa michezo aliyestaafu, aliyefundisha nusu ya mji huu kukimbia, anayajua hayo. Sasa kwa nini aniulize kama vile nilikuwa kituoni?

Jibu la kwanza lilinijia Jumapili hiyohiyo naoga: "Nangoja daladala, Mwalimu." Jumatatu nikapata la pili: "Namngoja binti anipishe." Hili ndilo la kweli, na ndilo linaloniudhi. Kwa sababu tumelelewa hivyo. Kwenye vichochoro vya Ngamiani unagonga kengele, mtu anasogea, unasema ahsante mama, unapita. Akiwa mzee unashuka kabisa. Uwanjani baiskeli haina kengele, na hakuna wa kumpigia hodi. Wale wasichana wanachomeka gurudumu kwenye nafasi ambayo mimi singepitisha hata sinia, halafu mbio zikiisha wanakuja, "Shikamoo dada", wamenyooka kwa adabu. Adabu wanaiacha getini wanaikuta wakitoka. Mimi yangu niliingia nayo.

Jumanne nikapata jibu bora kuliko yote, nalo ni la binamu. Kuna mbio zinaitwa Madison, jina limetoka Madison Square Garden ya New York, ambako zilikuwa zikifanyika zamani. Mnakwenda wawili wawili. Mmoja anashindana, mwenzake anazunguka polepole juu ya kona anamngoja. Akifika wanashikana mikono katikati ya mwendo na yule aliyechoka anamrusha mwenzake mbele kwa nguvu ya mkono. Maana yake kuna mahali kwenye mchezo huu ambapo kungoja ndiyo kazi! Nikajiona namjibu: "Namngoja mwenzangu anirushe, Mwalimu." Nikacheka peke yangu kwenye daladala, abiria wa pembeni akasogeza mkoba wake.

Ofisini nilimsimulia mwenzangu wa meza ya pili. Akasema alikuwa ananitania tu. Nikamsimulia Mama, nikitegemea Mama atakuwa upande wangu. Mama akaacha kuchambua mchele, akafikiri, akauliza, "Kwani kweli ulikuwa unamngoja nani?"

Nikaenda kulala.

Jumatano jioni nikapita Deep Sea kununua samaki. Nani ninamkuta anabishana bei ya fungu la vibua? Nikajipanga. Nikashika baiskeli vizuri ionekane.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nani vile?"

Nikamwambia. Wa Jumapili, uwanjani, mbio za wa mwisho nje.

"Ahaa, Jumapili. Vumbi lilikuwa jingi." Akamgeukia muuzaji, akaongeza mia mbili, akakataliwa, akarudi kwangu. "Wewe ulikuwa yupi? Wa baiskeli nyekundu?"

"Nyeusi, Mwalimu. Hii."

Akaitazama. "Hii sikuiona."

Nikajikaza. Nikamkumbusha swali lake, neno kwa neno, kwa sababu kwa neno kwa neno hakuna anayeniweza. Mwalimu akacheka mpaka muuzaji naye akacheka bila kujua kitu. "Aa, hilo! Mbona nawauliza wote. Kila anayetoka namuuliza hilohilo. Toka nafundisha mbio za kupokezana, watoto wanasimama na kijiti mkononi, nawauliza unamngoja nani?" Kisha akainama, akaubonyeza mnyororo wangu kwa kidole, mwanamke wa umri ule, mbele ya samaki. "Umelegea huu. Utachomoka. Kaza kabla hujaenda popote."

Nilitoka pale mwepesi. Wiki nzima nimebeba mzigo ambao mwenyewe hata hakumbuki kaupakia. Nilipofika Chumbageni wepesi ukaanza kupungua, na kitu kingine kikaingia ambacho nisingependa kukiita wivu, ila jina jingine sina. Kumbe halikuwa swali langu. Binti aliyetoka kabla yangu aliulizwa, na wa baada yangu kaulizwa, na wale wa mwaka 1985 wenye vijiti waliulizwa. Nilikuwa nimeshalizoea.

Lakini mnyororo nilikaza, au tuseme Babu Fundi alikaza, huku anasema alijua tu.

Jana asubuhi, kabla ya kazi, uwanja ukiwa bado una umande na vumbi limelala, vijana walitaka kujaribu keirin. Ni mbio za Wajapani, walizianza mwaka 1948 kwa ajili ya watu kuweka dau, na wanawake wameanza kuzishindania Olimpiki mwaka 2012 London. Pikipiki inatangulia, wote mnaifuata kwa mpangilio, inaongeza mwendo kidogo kidogo mpaka inatoka njiani na kuwaachia mbio. Pikipiki yetu ilikuwa bodaboda ya kaka wa mmoja wao, amevaa koti la kuakisi na abiria wake nyuma, ambaye alikuwa anakwenda Raskazone na akasema hana haraka. Walikubaliana nauli haiongezeki.

Niliingia. Sikuambiwa niingie, niliingia. Bodaboda ikaenda, tukaifuata, moshi wake unanuka, abiria amegeuka anatutazama kwa kutushangilia mmoja mmoja. Mnyororo uliokazwa hausemi kitu, unaenda tu. Miguu inazunguka na hainiulizi. Kwa mara ya kwanza sikuhisi kwamba pedeli zinanisukuma wala kwamba nazisukuma. Bodaboda ilipotoka pembeni nilikuwa nyuma ya kijana mmoja, kulia kwangu peupe, na nilipita hapohapo peupe kabla sijamaliza kufikiri. Wawili walinipita baadaye kwenye kona ya mwisho, na mmoja akanipigia mwayo makusudi. Sijali. Abiria wa Raskazone alisema mimi ndiye aliyemuwekea dau.

Mwalimu hakuwepo. Nimeangalia.

Niliporudi nyumbani kuoga niende kazini, nikamkuta baba mwenye nyumba uani na watu wawili wana futi kamba. Wanapima kutoka ukutani mpaka kwenye tangi, kutoka kwenye tangi mpaka mlango wa jiko. Mmoja anaandika. Baba mwenye nyumba akanisalimia vizuri mno, akamuulizia Mama, akampongeza kwa mjukuu, na hakusema wanapima nini. Mkataba wetu unaisha Juni. Leo jioni nimemuuliza mpangaji wa chumba cha nyuma kama yeye kaambiwa chochote. Anasema hajaambiwa, ila kwake walipima mpaka madirisha.