Siku Nne za Desemba Kati ya Durham na St Andrews

Asubuhi ya Krismasi mwanangu wa miaka 17 alifungua zawadi zake moja baada ya nyingine, na nilipoziona zimepangwa mezani ndipo nilipotambua kwamba karibu zote zilikuwa vitu vya mtu anayejiandaa kuondoka. Baba yake alimnunulia viatu vya kupandia milima, vyenye soli nene na shingo ndefu ya kukaza kifundo cha mguu. Bibi yake alimpa sufuria mbili, kikaango na kisu kimoja kizuri, akamwambia kwamba mwanafunzi asiyejua kupika humaliza fedha zake kabla mwezi haujafika katikati. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka tisa, alimtengenezea kijisanduku chenye vyumba kumi na viwili vya kuwekea mawe, kila chumba kikiwa na namba aliyoiandika kwa mkono wake. Mimi nilimpa lenzi ya mkono inayokuza vitu mara kumi, kwa sababu anataka kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, pamoja na kadi ya reli ya vijana wa miaka 16 na 17, ambayo hupunguza nusu ya nauli hadi siku mwenye nayo anapotimiza miaka 18. Ndani ya bahasha ya kadi hiyo nilikuwa nimeweka tiketi za safari ya siku nne.

Safari hiyo ilikuwa na sababu. Hapa Uingereza mwombaji wa shahada ya kwanza hujaza fomu moja tu na kuorodhesha ndani yake vyuo visivyozidi vitano, na kwa masomo mengi mwisho wa kuiwasilisha ni katikati ya Januari, saa kumi na mbili kamili jioni. Mwanangu alikuwa amejaza nafasi nne, zikiwemo Durham na Edinburgh, na nafasi ya tano ilikuwa tupu tangu Oktoba. Mwalimu wake wa jiografia alimshauri afikirie St Andrews, chuo cha Uskoti. Mimi nilitamani chuo kilicho karibu na nyumbani, ili aweze kurudi Jumamosi akitaka, ingawa sikuwa nimemwambia hivyo waziwazi.

Tulikuwa tumeshahudhuria siku za kupokea wageni wakati wa vuli. Katika chuo kimoja tulizungushwa kwa dakika arobaini na tano katikati ya umati, tukapewa mifuko ya kitambaa na kalamu, na maabara ya jiolojia, ambayo ndiyo iliyotutoa nyumbani alfajiri, haikufunguliwa kabisa. Wazazi tulijipanga foleni tukiwa na maswali yetu, na vijana waliotuongoza walijibu kwa heshima majibu ambayo ni dhahiri walikuwa wamefundishwa. Tuliporudi mwanangu alisema kwamba vyuo vyote vilimpendeza sawasawa, na kwamba jambo hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Hapo nikawaza kwamba afadhali tuvione vyuo vikiwa vimefungwa, wakati wa baridi, bila mtu wa kutupokea, kwa kuwa atakayeishi mahali kwa miaka mitatu au minne ataishi humo hasa katika siku za namna hiyo.

Tuliondoka tarehe 28 Desemba. Anayefika Durham kwa treni kutoka kusini huuona mji kabla hajashuka, kwa sababu reli inapita juu ya daraja refu la matao, na ng'ambo ya bonde kanisa kuu na ngome vimesimama pamoja juu ya kilima kilichozungukwa na mto Wear karibu pande zote. Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1093. Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1832, na ngome ikawa mali yake muda mfupi baadaye, hata leo kuna wanafunzi wanaolala ndani yake. Kila mwanafunzi wa Durham huwa mwanachama wa mojawapo ya koleji 17, na koleji hiyo ndiyo inayompa makazi, chakula na jamii, ilhali masomo hufundishwa na idara. Mfumo huu ulinipa faraja, kwani nilijua kwamba mtoto mkimya hataachwa apotelee katika umati wa maelfu.

Lango la ngome lilikuwa limefungwa, kwa hiyo tuliingia kanisani kujikinga na upepo, na humo ndimo lenzi ya mkono ilipotumika kwa mara ya kwanza. Upande wa mashariki kuna nguzo nyembamba nyeusi zilizochongwa kwa jiwe liitwalo marumaru ya Frosterley, linalotoka katika bonde la mto huohuo. Mwanangu alinieleza kwamba si marumaru halisi, bali ni jiwe la chokaa linalong'aa likisuguliwa, na kwamba madoa meupe niliyodhani ni mapambo ni visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya matumbawe walioishi katika bahari ya joto zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Alinipa lenzi, akanionyesha jinsi ya kuileta karibu kabisa na jicho kisha kusogeza uso kuelekea jiwe, na nikaziona kuta ndogo zilizomgawa kila tumbawe kama vipande vya chungwa. Sikumbuki mara nyingine ambayo mtoto huyu alinifundisha jambo kwa utulivu kiasi kile. Tulikaa pale karibu saa nzima, na mzee mmoja wa kujitolea aliyekuwa akitembea kanisani alitusogelea, akatuonyesha nguzo nyingine ambayo visukuku vyake ni vikubwa zaidi.

Kesho yake asubuhi tulitembea hadi upande wa kusini wa mji, kwenye majengo ya sayansi. Idara ya sayansi za dunia imo katika jengo lenye jina la Arthur Holmes, mwanajiolojia aliyeongoza masomo hayo Durham kuanzia mwaka 1924 kabla ya kuhamia Edinburgh mwaka 1943. Holmes ni miongoni mwa watu wa kwanza kupima umri wa miamba kwa kutazama jinsi madini ya urani yanavyogeuka kuwa madini ya risasi. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria kiasi cha kukaribia kufa. Niliusoma mkasa huo kwenye simu tukiwa tumesimama mbele ya mlango uliofungwa, theluji nyepesi ikidondoka, na nikamfikiria mama yake Holmes akisubiri barua kutoka pwani ya Afrika Mashariki.

Treni ya kwenda Edinburgh hufuata bahari kwa sehemu ya njia. Baada ya Newcastle inavuka mto Tweed huko Berwick juu ya daraja la matao 28 lililofunguliwa mwaka 1850, kisha inaingia Uskoti. Mwanangu alibandika uso dirishani tangu hapo, kwa sababu mahali fulani chini ya majabali yale ya pwani pako Siccar Point, ambako mwaka 1788 mwanajiolojia James Hutton alikwenda kwa mashua na kuona tabaka za mwamba wa kijivu zilizosimama wima zikiwa zimefunikwa na tabaka za mchanga mwekundu zilizolala. Hutton alielewa kwamba ili hali hiyo itokee ilibidi bahari ijaze mchanga, ardhi iinuke, imomonyoke, kisha izame na kujazwa tena, na kwamba kazi hiyo haiwezi kukamilika katika miaka elfu chache. Kutoka kwenye treni hatukupaona. Hata hivyo alifurahi kama aliyepaona.

Edinburgh ilikuwa na watu wengi mno waliokuja kwa sherehe za mwaka mpya, na kuhusu msongamano wa mitaani sina la kusimulia. Kampasi ya sayansi, iitwayo King's Buildings, iko kusini mwa katikati ya mji, na tuliikuta kimya, mabasi yakipita bila abiria. Majengo yake ni ya nyakati mbalimbali na hayana mpango unaopendeza macho. Mwanangu aliyatazama, akasema kwamba maabara ni maabara. Mimi nilivutiwa zaidi na sehemu ya zamani ya chuo, karibu na George Square, kwa sababu katika chuo hiki Mwalimu Julius Nyerere alisoma kuanzia mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1952. Nilijaribu kumwona akivuka uwanja ule akiwa amejifunga koti zito, katika jioni kama ile ambayo jua lilizama kabla ya saa kumi, na nikajiuliza kama mtu yeyote alimwandalia chakula cha moto.

Siku ya tatu ilikuwa ya viatu. Katikati ya Edinburgh kuna Arthur's Seat, kilima cha mita 251 ambacho ni mabaki ya volkeno iliyolipuka miaka milioni 340 hivi iliyopita, na kando yake kuna genge jekundu la mwamba liitwalo Salisbury Crags, ambalo Hutton alilitumia kuonyesha kwamba mwamba ulioyeyuka ulijipenyeza kati ya tabaka za zamani ukaziinua. Hatukusogea chini ya genge lenyewe, kwani mawe huporomoka hapo, bali tulilitazama kutoka barabarani kisha tukapanda kilima kwa njia ya upande mwingine. Nilichoka mapema. Alinisubiri kila alipofika kwenye kona, bila kunihimiza, na kileleni alisimama akiutazama mji kwa muda mrefu. Kijisanduku cha mdogo wake kilikuwa mkobani, lakini hakuokota hata kokoto, kwa sababu mbuga hiyo inalindwa na kuchukua mawe yake hakuruhusiwi.

Jioni hiyo, katika chumba cha hoteli, tulifanya hesabu ambayo nilikuwa nimeiahirisha kwa wiki kadhaa. Shahada ya kawaida nchini Uingereza huchukua miaka mitatu, na ya Uskoti miaka minne. Wanafunzi ambao ni wakazi wa Uskoti hulipiwa ada na serikali yao, lakini anayetoka Uingereza hulipa, na ada hiyo kwa mwaka wa masomo 2025/26 iliweza kufikia pauni 9,535. Kwa kiwango hicho, miaka mitatu ni pauni 28,605 na miaka minne ni pauni 38,140, kabla ya pango na chakula. Ada inaweza kulipwa kwa mkopo, ambao mhitimu huurejesha kidogo kidogo mshahara wake ukishavuka kiwango fulani, lakini deni ni deni. Aliandika tarakimu zote kwenye karatasi, akazipigia mstari, akaniuliza kama ningependa achague Durham. Nilimjibu kwa ukweli kwamba ningependa achague mahali nitakapoweza kumfikia kabla ya usiku kuingia akiugua. Hakukasirika. Alisema kwamba mwaka wa nne si hasara kwa mtu ambaye bado hajui kama atapenda zaidi miamba au bahari, kwa kuwa katika vyuo vya Uskoti mwanafunzi huanza na masomo kadhaa kabla ya kubaki na moja.

St Andrews haina kituo cha treni tangu mwaka 1969. Mtu hushuka Leuchars na kupanda basi, na sisi tulisubiri basi hilo katika baridi kali kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoahidi. Chuo hiki kilianzishwa kati ya mwaka 1410 na 1413 na ndicho kikongwe kuliko vyote vya Uskoti. Mji wenyewe ni mitaa mitatu mikuu inayokutana mashariki kwenye magofu ya kanisa kuu, na majengo ya chuo yamechanganyika na nyumba za watu kiasi kwamba ni vigumu kujua chuo kinaanzia wapi. Mbele ya kanisa la St Salvator kuna herufi P na H zilizopangwa kwa mawe barabarani, mahali alipochomwa moto Patrick Hamilton mwaka 1528 kwa sababu ya imani yake. Wanafunzi huamini kwamba anayezikanyaga atafeli mitihani. Mwanangu alizizunguka kwa hatua tatu kubwa, na nikajua kwamba moyo wake umeshaanza kuhesabu mitihani ya mahali hapo.

Maji yalipoanza kupwa tulifuata njia ya pwani kuelekea kusini mashariki hadi Rock and Spindle, nguzo ya mwamba wa volkeno inayosimama peke yake ufukweni. Chini yake kuna duara la vipande vya basalti vilivyopangika kama njiti za gurudumu, kwa sababu mwamba ulipopoa ulipasuka kuanzia nje kuelekea katikati. Alipiga magoti juu ya mwani uliolowa, akatoa lenzi, akaanza kutazama. Nilikaa juu ya jiwe lililokauka nikamwacha. Upepo ulikuwa mkali na hakuna aliyekuwa akitutazama isipokuwa ndege wa pwani, na kwa dakika ishirini hivi hakuniita hata mara moja. Viatu vyake vipya vilikuwa vimejaa matope na chumvi hadi kwenye kamba.

Tulirudi siku hiyohiyo kwa treni ya usiku iliyochelewa, naye alilala kuanzia Berwick. Tarehe 5 Januari aliijaza nafasi ya tano, akaniita nisome kabla hajabonyeza kitufe: St Andrews. Niliisoma mara mbili, nikamwambia kwamba tahajia ni sahihi. Nilimkumbusha kwamba vyuo vitakavyomkubali vitamwalika tena kati ya Februari na Aprili, safari hii maabara zikiwa wazi na walimu wakiwepo, na kwamba ningeomba likizo mapema ili tukaone pamoja. Alikuwa akikisafisha kijisanduku cha mdogo wake, ambacho bado kilikuwa kitupu.

"Usijisumbue na likizo, Mama," alisema. "Kadi ya reli ninayo hadi Aprili."