Mguu wa akiba wa boti yangu: kutoka Kusi hadi Demani

Upepo wa Kusi umepungua nguvu, maji ya Tudor hapa Mombasa yametulia kwa majira ya Demani, na mradi wa mguu umefika mahali pa kuandikwa.

Kwa asiyeijua boti yangu: ni ya faiba, futi 19, na injini yake ni MerCruiser ya lita 3.0, silinda nne, iliyokaa ndani. Nyuma, kwa nje, unaning'inia mguu wa Alpha One wa kizazi cha kwanza, ule wa miaka ya 1980, kabla kizazi cha pili hakijaingia mwaka 1991. Mguu ndio unaopokea mzunguko wa injini, ukaushusha chini na kuufikisha kwenye propela. Mguu ukifa, injini itanguruma na boti haisogei. Nami nikitoka hupita chini ya daraja la Nyali, Bandari ya Kale na Fort Jesus, kisha mlangoni mwa miamba mpaka bahari kuu. Maji yakipwa siku za bamvua, mkondo wa pale huchukua chombo chochote kisichojimudu.

Ishara ya kwanza ilikuwa oili. Kabla ya Kusi kuanza nilifungua skrubu ya chini ya mguu, oili ikatoka kama chai ya maziwa. Oili ya gia iliyo salama hung'aa. Weupe ule ni maji yaliyoingia. Tulibadilisha sili, yaani mipira ya kuzuia maji, kwenye shafti ya propela, na baada ya muda weupe ukarudi. Fundi alipovua tena ndipo sababu ikaonekana: alumini ya pale sili inapokaa imeliwa na chumvi, imejaa vishimo, hata sili mpya haina mahali laini pa kushika. Nusu ya juu ya mguu haina neno. Krosi, yaani viungo vinavyopokea mzunguko kutoka kwenye injini, hazijalegea, beringi hazina sauti, gia ni safi.

Mguu mpya wa asili wa kizazi hiki hautengenezwi tena. Iko miguu ya kuiga kutoka viwanda vingine, lakini ukijumlisha bei, nauli ya meli na ushuru, unaipita thamani ya boti yenyewe. Basi nikaanza kuulizia uliotumika.

Kusaka

Mombasa ukisema unatafuta mguu wa boti, kila mtu anao. Ukifika unaonyeshwa mguu wa Yamaha wa kufunga nje, kwa kuwa hizo ndizo injini wavuvi wanazozitumia. Sikuwalaumu, nilianza kutembea na picha za mguu wangu kwenye simu, na maneno yakapungua. Nikapata mmoja wa Alpha kizazi cha pili, safi kabisa, lakini nusu zake haziungani na nusu za kizazi cha kwanza. Nikauacha.

Uliobaki ulikuwa Mtwapa, nyuma ya yadi, umefunikwa turubai. Nikaenda na fundi. Muuzaji akaniambia, "Yakhe, huu umetoka Naivasha, haujaionja bahari." Maneno ya namna hiyo husemwa kila mahali, lakini mguu wenyewe unaweza kuulizwa. Tulitia kijiti kwenye njia za maji ya kupoozea: kilitoka na tope kavu, bila ukoko mweupe wa chumvi. Vipande vya kujitoa mhanga, vile vinavyoliwa na kutu ili alumini isiliwe, tukavivua na kuvipima mkononi. Vyepesi mno. Zinki ni nzito. Hivi vilikuwa vya magnesi, ambayo hutumika kwenye maji baridi. Kwa hiyo habari ya Naivasha ilikuwa na ushahidi. Jambo hili lina faida mbili: mguu wa ziwani huwa haujaliwa ndani, na ukiuleta baharini lazima ubadilishe vipande hivyo kwanza, maana magnesi kwenye maji chumvi huisha upesi mno. Baharini funga zinki au alumini.

Kisha tukaja kwenye uwiano wa gia, na hapa ndipo wengi wanaponunua mguu usiowafaa. Mguu wa injini yangu una uwiano wa 1.98, yaani injini inazunguka karibu mara mbili propela ikizunguka mara moja. Mguu wa V8, injini ya silinda nane, ya lita 5.7, ni 1.50. Ukifunga wa 1.50 nyuma ya lita 3.0, injini inalemewa: haifiki mizunguko yake ya elfu nne na ushei kwa dakika, boti inachelewa kuinuka juu ya maji, na mafuta yanaliwa bure. Kibandiko cha muuzaji kilikuwa kimefutika, kwa hiyo tulipima kwa mkono. Unatia alama ya chaki kwenye shafti ya juu na kwenye propela, unaingiza gia, kisha unazungusha shafti mpaka propela itimize mizunguko kumi. Mguu wa 1.98 utahitaji karibu ishirini juu. Huu ulihitaji kumi na tano.

"Ami, huu wa V8," fundi akasema. "Si wako. Twende zetu."

Nikamwomba asubiri. Katika Alpha ya kizazi cha kwanza, nusu ya chini ni ileile kwa injini zote: gia ndogo ya meno 17 inaisukuma ya meno 28, ambayo ni 1.65 tu. Tofauti yote iko juu. Kwangu mimi, gia za juu zinapunguza kasi mara 1.2, na 1.65 mara 1.2 ni 1.98. Kwenye mguu wa V8 gia za juu zinaongeza kasi kidogo, ndiyo maana jumla inashuka hadi 1.50. Kilichooza kwangu ni chini. Kilichokuwa kizuri pale, na cha maji baridi, ni chini. Nilihitaji nusu tu ya ule mguu.

Fundi alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akarudi kuchuchumaa.

Tuliimwaga oili: nyeusi kwa uzee, lakini bila maji. Kwenye sumaku ya skrubu kulikuwa na unga laini wa chuma, ambao ni wa kawaida. Vipande vyenye ncha vingetufukuza pale pale. Shafti ya propela tuliizungusha na kushika kalamu karibu na ncha yake, nafasi haikubadilika, kwa hiyo haijapinda. Mwisho pampu ya baiskeli yenye geji, kupitia tundu la oili. Anza na shinikizo dogo, maana zipo sili zinazovuja kwa upepo mdogo na kujibana kwa mkubwa. Kisha tukapanda hadi pauni 15 kwa inchi ya mraba, tukapaka povu la sabuni kila kiungo. Povu lilitoa mapovu kwenye shafti ya kubadilishia gia, basi. Sili hiyo ni ya kubadilishwa kwa vyovyote.

Muuzaji alitaka Sh90,000 akisema ni mguu mzima. Nilimweleza wazi kwamba nusu ya juu hainifai na sili moja inavuja. Tukavutana, tukamaliza kwa Sh65,000, na akatupa propela ya alumini juu yake.

Kutenganisha

Mwenye mguu kama huu asiruhusu mtu apige bapa la bisibisi kati ya nusu mbili kabla hajatafuta bolti iliyofichwa. Imo ndani ya tundu juu ya propela, nyuma ya kile kipezi kidogo cha usukani. Vua kipezi, utaiona. Nimeona nyumba za alumini zilizopasuliwa kwa sababu ya bolti hiyo moja.

Wakati nusu ziko wazi, badilisha impela, ile inayosukuma maji ya kupoozea, hata kama inaonekana nzima, kwa sababu inakaa hapo katikati na hutaifikia tena bila kufungua kila kitu. Sili zote za chini ni mpya. Oili tulijaza kutoka tundu la chini mpaka ikatoka la juu, ndipo upepo hubaki nje. Nati sita za kufungia mguu kwenye boti zimekazwa kwa pauni-futi 50. Rangi ya chini ni ile isiyo na shaba. Shaba ikigusana na alumini ndani ya maji chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Majini

Tulijaribu Tudor siku ya maji mafu. Kwa kasi kamili geji ilisoma mizunguko ileile ya zamani, kama ilivyopasa, maana uwiano haukuguswa. Tuliporudi nilifungua skrubu ya chini: oili inang'aa.

Nusu ya juu ya V8 nimeitia grisi na kuihifadhi stoo. Krosi zake, shafti na beringi zitanifaa. Kazi iliyobaki kabla Kaskazi haijashika ni mpira wa mikunjo unaozuia maji yasiingie penye krosi. Wangu umeanza kupasuka kwenye mikunjo, na mpya umeshaagizwa.